Mtani wa Banda la Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa kufungua sanduku la mtu mwingine. Mzee Fransisi, mkuu wetu wa wahudumu, aliweka sanduku tupu kitandani, akalijaza nguo zake mwenyewe, akalifunga, kisha akaniambia nilifungue kana kwamba mgeni amesimama nyuma yangu ananitazama. Nikafungua. Mashati nikayatundika, soksi nikazitia kwenye droo. Nilipomaliza akasema, "Umefanya kama mwizi mwenye adabu. Rudia."

Nilirudia mara nne. Kosa langu, alisema, lilikuwa kutazama vitu. Mhudumu hatazami kitu, anatazama mahali pa kukiweka. Dawa hukaa karibu na maji ya kunywa. Miwani hukaa upande wa mkono anaoutumia mgeni, na mkono huo umekwisha kuujua tangu alipotia saini mapokezi. Viatu hutazama mlango. Barua haisomwi hata jina la juu ya bahasha. Picha ya mtu husimamishwa mezani, wala huulizi ni nani.

Mwezi uliopita nilirudisha sare na funguo. Ninyi mnaobaki mmeniuliza zaidi ya mara moja kazi ilikuwaje zamani, nami nimeona afadhali niandike kuliko kurudia maneno yale yale kwa kila anayenikuta kituo cha basi. Habari za vyeo nitaziacha. Vilikuwa viwili tu, na cha pili kilikuja na kofia iliyonibana.

Hoteli ilifunguliwa miaka michache baada ya uhuru, kaskazini ya Dar es Salaam, ukishavuka mto Mpiji kuelekea Bagamoyo. Barabara ilikuwa ya vumbi, na wageni walifika na rangi moja wote. Vilikuwako vyumba vya kawaida katika jengo kubwa, na chini karibu na ufuko palikuwa na mabanda manane, kila banda na mhudumu wake. Mgeni wa banda alipewa mtu wa kumfungulia mizigo, kumpigia pasi, kumwandalia maji ya kuoga, kumletea chakula na kukumbuka yale ambayo yeye mwenyewe ameyasahau. Waliyaita mabanda ili mgeni ajue kwamba yuko Afrika. Kwetu Kaole banda ni la kuku, na mke wangu alichukua muda kuamini kwamba nimepata kazi ya maana.

Kabla ya hapo nilikuwa nimetumikia miaka tisa katika nyumba ya meneja wa shamba la mkonge. Nilijua pasi ya mkaa, nilijua kuandaa meza, na nilidhani najua kazi. Lakini mtu wa nyumbani unamjua mwaka hadi mwaka. Mgeni wa banda unapewa alasiri moja ya kumjua, na kesho yake asubuhi anategemea chai iwe vile anavyoipenda, ingawa hajakwambia.

Mzee Fransisi alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo. Babu yake alikombolewa utumwani akiwa mtoto, akalelewa misheni Bagamoyo, na ukoo wao ukaanzia hapo. Yeye mwenyewe alikuwa amezunguka miaka mingi melini, akihudumia abiria wa daraja la kwanza. Mfukoni alikuwa na brashi ndogo, sindano mbili zenye uzi tayari, mmoja mweupe na mmoja mweusi, kopo la rangi ya viatu lisilozidi sarafu kwa ukubwa, na kalamu ya risasi. Alisema mhudumu anayekwenda stoo kutafuta sindano amekwisha kuchelewa.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika kujaa na kupwa kwa maji kwenye karatasi na kuiweka chini ya bakuli la matunda. Kijitabu cha hoteli kilisema bahari iko mlangoni pako. Ni kweli, kwa nusu ya siku. Nusu nyingine iko mbali, na anayeifuata anatembea kwenye matope na miiba mpaka anapoteza hamu. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa, nimewaona watu wazima wamesimama mbali kule, maji yakiwafika kwenye vifundo vya miguu, wakitazama nyuma kama walioachwa na gari. Na karatasi ilikuwa chini ya matunda. Hawakuuliza.

Hilo ndilo jambo nililoliona tangu mwanzo, na ninaliandika kwa sababu wageni bado wanalipia huduma wasiyoijua matumizi yake. Alikuwako mhandisi mmoja aliyefika, akakaa kitini, akaniambia mambo matatu: chai saa kumi na mbili bila maziwa, Jumapili asiamshwe, na suruali yake ya kuvulia samaki isioshwe maana ina bahati. Kisha akaanza kusoma gazeti. Mtu huyo alihudumiwa kuliko balozi. Balozi mmoja, kwa upande wake, alipiga kengele mara kumi na moja siku ya kwanza, kila mara akitaka kujua kama nitafika. Nilifika. Hakupata zaidi ya hapo.

Walio wagumu zaidi ni wale wanaoona haya kuhudumiwa. Bibi mmoja alikuwa akitandika kitanda chake kila asubuhi kabla sijaja. Alikitandika vibaya. Mimi nilikitandua nikakitandika upya, na yeye jioni akanishukuru kwa kumwachia kitanda kama alivyokiacha. Tulikwenda hivyo siku tano, wala hapana aliyesema neno.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini mambo ya majina yalibadilika. Kabla ya hapo tuliitwa maboi, hata mwenye wajukuu. Sasa tukawa wahudumu, na kila mtu akawa ndugu. Meneja wetu alikuwa Mswisi, mtu wa utaratibu, aliyejifunza Kiswahili kitabuni na kukisema sawasawa bila kukosea na bila kupanda wala kushuka kwa sauti. Asubuhi moja alituambia, "Kuanzia leo mimi si Bwana. Mimi ni Ndugu Meneja." Tukaitikia, "Ndiyo, Bwana." Ilichukua wiki mbili. Pia ikaundwa kamati ya wafanyakazi, ambayo meneja hakuruhusiwa kumfukuza mtu bila kuifikishia kesi. Mwenyekiti alikuwa Mama Zena wa chumba cha dobi, Mkwere wa Lugoba, mama mwenye mikono mikubwa na subira ndogo.

Ni katika miaka hiyo ndipo alipofika Ndugu Maganga.

Alikuwa mkurugenzi wa shirika moja la umma, na alikuja kukaa siku nne kuzungumza na wageni wawili wa Ulaya habari za mashine za kiwanda. Shirika lilimwekea Banda la Nne, lililokuwa langu, ili wale wageni wasimwone amelala pahali pa chini kuliko wao. Nilikwenda kumpokea. Alikuwa ameshika sanduku la ngozi kwa mikono miwili.

"Niachie, Ndugu Mkurugenzi."

"Nitabeba mwenyewe."

"Ndiyo kazi yangu."

"Nina mikono," alisema, akalibeba juani mpaka bandani, mimi nikimfuata nyuma mikono mitupu, watumishi wa bustani wakitutazama.

Sanduku hakuliacha lifunguliwe. Chai aliikaribisha kwa kusema si lazima. Kesho yake asubuhi, alipokuwa mkutanoni, nilikuta mashati yake mawili yananing'inia bafuni nyuma ya pazia, yanachuruzika. Mkurugenzi wa shirika zima alikuwa amefua mwenyewe kwenye beseni, akayaficha ili mhudumu asione. Niliyachukua, nikayapeleka kwa Mama Zena, yakarudi yamenyooka kabla ya chakula cha mchana.

Aliporudi aliyaona kitandani.

"Nani amekwambia uyaguse mashati yangu?"

"Yalikuwa yanalia, Ndugu Mkurugenzi."

Alinitazama. "Wewe mwenyeji wa wapi?"

"Hapa hapa. Kaole."

"Kabila?"

"Mzaramo."

Akaweka mkoba chini. "Mzaramo," alisema polepole. "Tangu jana najibana, nanyata ndani ya chumba changu mwenyewe, namwogopa Mzaramo."

"Na Ndugu Mkurugenzi je?"

"Mnyamwezi wa Urambo. Baba na mama."

Kwanza nilifunga mlango. Kisha nikasema, "Ndiyo maana. Babu zako walifika Bagamoyo na pembe za ndovu begani, miezi mitatu kwa miguu, na mpaka leo ukoo haujajua kutua mzigo. Mtu anaambiwa weka chini, yeye anakumbatia."

"Afadhali sisi tuliobeba. Nyinyi mlikaa kivulini mnapiga ngoma, mkingoja tufike mtuuzie maji ya kisima."

"Na mliyanunua."

"Lete chai, mvivu we. Iwe ya moto, si ile ya jana ya kunawia."

Kwa wale kati yenu waliokulia mjini, nieleze kidogo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Mtani wako hukutukana usoni, huchukua kitu chako mbele ya macho yako, nawe hukasiriki. Anayekasirika ndiye mshamba. Lakini kazi hasa ya mtani iko msibani. Wafiwa wanapokuwa wamezama, mtani ndiye anayewacheka, anamwigiza marehemu, akiwa mwanamke anamwita mke wake, anajilaza njiani asipite mtu, anakamata vitu mpaka vikombolewe. Watu hucheka wasitake, na wakicheka machozi yanapata njia. Msiba ambao mtani yupo na akanyamaza, wenyewe huona wametupwa.

Tangu siku ile Ndugu Maganga alianza kuhudumiwa. Sanduku likafunguliwa. Akaniambia kwamba miguu inamvimba akikaa sana, nikamwekea beseni la maji ya chumvi saa kumi. Akaniambia kwamba mezani wale Wazungu wana glasi tatu kila mtu na hajui ya kuanzia, nami nikasimama nyuma yake wakati wa chakula na kusogeza kidogo ile inayofaa. Akaniambia, akitazama dirishani, kwamba hajui kuogelea lakini angependa kuingia baharini pasipo kuonekana. Nikatazama karatasi yangu. Maji yalijaa saa nane, saa ambayo wenzake walikuwa wamelala baada ya chakula. Akaingia mpaka kiunoni, akasimama pale na kaptura yake, na mimi ufukoni na taulo.

"Ukizama," nilimwambia, "nitasema ulikuwa mzigo wa mtu mwingine."

"Nikizama nitakufuata nyumbani kwako nikakae hapo."

Nje ya mlango alikuwa Ndugu Mkurugenzi na mimi nilikuwa Ndugu Rajabu, wala hatukuteleza hata mara moja. Nimehudumia watu wengi waliozoea kuhudumiwa tangu utotoni. Hapana aliyelitumia banda vizuri kuliko yeye kwa siku ile moja na nusu, na siri ilikuwa kwamba aliniambia ukweli.

Siku ya nne, saa tatu asubuhi, simu ilipigwa mapokezi. Meneja mwenyewe aliteremka bandani. Alibisha hodi, akavua kofia, akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kwamba anasikitika kumjulisha Ndugu Mkurugenzi kuwa mama yake mzazi amefariki dunia Urambo, na kwamba mazishi yanamngoja. Akasema gari la hoteli liko tayari wakati wowote. Hakukosea neno.

"Asante," alisema Ndugu Maganga. "Tutaendelea na mkutano. Wale wageni wasiambiwe."

Meneja aliondoka. Ndugu Maganga aliniomba koti. Akakaa ukingoni mwa kiti, akavaa kiatu cha kulia, akashika kamba zake, na hapo akabaki. Nilileta chai, ikapoa. Nilileta uji, akasema asante, hakuutazama. Sauti yake ilikuwa ile ile ya mkutanoni. Alikuwa akipumua kwa mdomo kama mtu anayepanda mlima.

Nilikwenda stoo. Mzee Fransisi alikuwa anafuta glasi.

"Mzee, mgeni wangu amefiwa na mama."

"Nimesikia. Shusha pazia la upande wa jua, ondoa chakula, kaa karibu usionekane."

"Ni mtani wangu."

Akaacha kufuta. "Meneja anajua?"

"Meneja anajua utani ni kitu gani?"

"Basi chagua. Ukifanya ya hoteli, kesho una kazi. Ukifanya ya kwenu, mimi sijui."

"Ungekuwa wewe?"

"Usiniulize mimi. Babu yangu hakujua hata lugha ya mama yake. Sina kabila, sina mtani. Nikifa watanilia tu, basi." Akaichukua glasi nyingine. "Lakini usichelewe. Mkutano ni saa nne."

Nilikuwa nimepita miaka arobaini na tano, nina mke na watoto sita. Mtu aliyefukuzwa kwa kumtukana mgeni, barua yake ya kufukuzwa humtangulia kila aendako. Hapana hoteli ya pwani hii ambayo ingenipokea, na nyumba za Wazungu wa mkonge zilikuwa zimefungwa. Hayo nilijua nikiwa ninatembea. Sikuyapima sana. Niliporudi, kamba za kiatu zilikuwa bado mkononi mwake.

Nilichukua koti lake la pili kabatini nikalivaa nje ndani. Tai yake nikaifunga kichwani. Kiatu cha kushoto kilikuwa chini ya kiti, nikakitia kwapani. Kisha nikajilaza kizingitini, kichwa ndani, miguu barazani.

"Inuka, Rajabu. Nimechelewa."

"Siinuki. Mke wangu amekufa Urambo hajazikwa, na hili toto lake jinga linatafuta tai."

Alianza tena kuzivuta kamba za kiatu.

"Mkutano," nilisema, na sauti nikaipandisha kama inavyopandishwa. "Mama analala chini, mtoto ana mkutano. Alikubeba mgongoni mpaka ukaota ndevu. Wanyamwezi gani hawa? Wamebeba pembe za dunia nzima, mama yao wamemshindwa."

"Rajabu."

Nikainuka kidogo, nikashika mgongo, nikatetemesha mkono kama wa kizee mwenye fimbo. "Jamani, Maganga wangu yuko wapi? Yuko pwani, bibi. Anafanya nini huko? Anaogeshwa na Mzaramo."

Kwanza nilisikia kitu kama kikohozi. Nikageuza shingo na kuona jozi tatu za viatu barazani: mbili nyeusi, na ya kahawia ya meneja. Wale wageni walikuwa wamekuja kumchukua mwenzao kwenda naye mkutanoni, na meneja alikuwa amewasindikiza.

Kile kikohozi kilikuwa kicheko. Kilimtoka Ndugu Maganga kwa nguvu, mara moja, mara mbili, kisha akateremka kitini mpaka sakafuni, kiatu kimoja mguuni, akalia. Alilia kama watu wanavyolia kwao, kwa sauti, akimwita mama yake kwa Kinyamwezi. Nikakaa chini kando yake, nikamshika bega. Mmoja wa wale wageni alivua miwani, akatazama baharini.

"Rajabu," alisema meneja. "Utavua koti la mgeni. Utakwenda ofisini."

Sikumwona Ndugu Maganga akiondoka. Gari lilimpeleka uwanja wa ndege wakati mimi nikiandika maelezo, na mkataba ukaahirishwa. Alikwenda na makubadhi, kwa sababu kiatu chake cha kushoto nilikuwa nimeingia nacho ofisini kwapani bila kujijua. Meneja alikiweka juu ya meza.

"Je, ulisema maneno haya juu ya mama wa mgeni?"

"Nilisema, Ndugu Meneja."

"Ulivaa nguo zake?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa umelewa?"

"Sinywi."

Aliandika yote. Nilijaribu kueleza utani, naye alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba katika kanuni za hoteli hakuna neno hilo. Hakuwa mtu mbaya. Mgeni amefiwa, mhudumu amemdhihaki. Hata mimi ningekuwa nimezaliwa milimani kwao ningefika hapo hapo. Nilisimamishwa mpaka kamati ikutane.

Nilikaa Kaole wiki tatu. Mke wangu aliniuliza swali moja tu. "Ulimtania ukamaliza, au uliachia katikati?"

"Nilimaliza. Alilia."

"Basi kaa ule."

Lakini nilimwona anapunguza sukari katika chai ya watoto.

Kamati ilikutana katika chumba cha dobi, kwa sababu ndicho chenye meza ndefu. Mama Zena alikaa kichwani mwa meza, kanga begani, wajumbe wanne kando. Mzee Fransisi alikaa upande wa uongozi, kwa cheo chake. Meneja alikuwa amekuja na faili na kile kiatu, akakiweka mezani mbele yake, kimeelekea kwangu. Alisoma mashtaka: kumtukana mgeni aliye katika msiba, kuvaa mavazi yake, kumzuia kutoka, kuchukua kiatu.

"Na sasa," alisema, "nina jambo jingine. Nilitumaini mgeni atasamehe. Jana imefika barua yake. Nitaisoma kama ilivyo."

Nilikuwa nimengoja barua hiyo wiki tatu. Akasoma, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka:

"Ndugu Meneja, ninaandika kukulalamikia juu ya mhudumu wako wa Banda la Nne. Mtu huyu ni mvivu kama Wazaramo wote. Siku niliyofiwa na mama yangu alilala mlangoni saa za kazi. Alivaa koti langu, na sasa limepanuka kwa ajili ya tumbo lake la wali. Kiatu changu kimoja anacho, na nimemzika mama yangu na viatu vya kuazima. Watani wangu wa huku wamekasirika, wanauliza ni nani huyo aliyeniliza mapema nikafika msibani macho makavu, wao wakakosa kazi. Ninataka apewe adhabu kali. Nitakapokuja kutia saini mkataba nimkute hapo hapo alipo, asihamishwe wala kwa dawa. Mimi, Maganga."

Kufika penye tumbo la wali, mjumbe mmoja alikuwa ameinamia chini ya meza kama anayetafuta kitu. Mama Zena alikuwa amejiziba mdomo kwa pindo la kanga, mabega yanamtikisika.

"Hili si jambo la kucheka," alisema meneja. "Mgeni amelalamika kwa maandishi."

"Ndugu Meneja," alisema Mama Zena alipopata pumzi, "huyo mgeni kabila gani?"

"Sijui. Hoteli haiulizi."

"Mnyamwezi," nikasema.

"Na wewe Mzaramo?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi kesi iko wapi hapa? Mimi naona barua, kesi siioni."

Meneja alizitazama nyuso zote za meza ile, moja baada ya moja. Nadhani alikuwa anatafuta mtu asiyecheka. Akampata.

"Fransisi. Wewe si Mzaramo, wala si Mnyamwezi. Wewe huna upande. Niambie mgeni anasema nini."

Mzee Fransisi alivaa miwani, akaichukua barua, akaisoma yote kwa macho, taratibu, kama anavyokagua meza iliyoandaliwa. Kisha akairudisha.

"Anashukuru, Ndugu Meneja."

"Wapi ameandika asante?"

"Hajaandika popote. Ni barua nzima."

Meneja aliisoma tena kimya. Midomo yake ilikuwa inasogea. Akaigeuza, akatazama nyuma, hapakuwa na kitu. Akaifunga barua ndani ya faili, akalifunga faili, akaniuliza swali la mwisho.

"Na kiatu?"

"Kiatu ni changu, Ndugu Meneja. Mpaka aje mwenyewe akikomboe."

Meneja alikisukuma kwa kidole kimoja, kikavuka meza mpaka upande wangu.

Zamu yangu ilikuwa saa kumi. Nilikwenda nacho bandani, nikakipiga rangi.